Orodha ya vitabu inakua, siku zetu haziongezeki



Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai yako ukae. Tangu nianze kutaja hapa vitabu ninavyosoma, wengi wenu mmekuwa mkiniuliza swali moja: "Pastor, nikimaliza hiki, nisome gani?" Wengine hamniulizi, mnanitumia. Vijana wetu wa Masinde Muliro wananitumia majina ya vitabu hata usiku wa manane. Wahubiri wageni wakija mkutano wanapanga meza ya vitabu mlangoni. Wachungaji tuliosoma nao chuo cha Biblia tukikutana, hatumalizi salamu kabla mmoja hajauliza, "Umesoma kile?" Kila jina naliandika kwenye daftari. Wiki hii nimeyahesabu. Yamefika 143.

Nikafanya hesabu ya pili. Nina miaka 46. Kwa mwaka, ukitoa maandalizi ya mahubiri, matanga, wagonjwa pale hospitali ya rufaa na makesha, nasoma vitabu kama 15. Zaburi ya 90 inataja miaka 70 kama kipimo cha maisha ya mwanadamu. Bwana akinifikisha hapo, nimebakisha miaka 24, ambayo ni vitabu 360. Lakini daftari nalo linapata majina mapya mawili kila mwezi. Kwa miaka 24 hayo ni majina 576. Jumlisha na yale 143 unapata 719. Maana yake vitabu 359, karibu nusu, nitaviacha duniani bila kuvifungua, hata nikiwa na bidii ya namna gani.

Zaburi hiyo hiyo ina ombi la Musa kwamba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu ili tupate moyo wa hekima. Wengi tunaliomba hilo ombi kwenye matanga. Mimi naona lina kazi hata mbele ya rafu ya vitabu. Ukijua una nafasi 360, unaacha kuuliza, "Nitaimalizaje hii orodha?" Unaanza kuuliza, "Bwana, ni vipi?" Kila kitabu unachofungua kinachukua nafasi ya kingine. Huo ni uwakili, sawa na uwakili wa shilingi na wa shamba.

Paulo naye alichagua

Fungua 2 Timotheo sura ya 4. Paulo yuko gerezani. Anajua wakati wa kuondoka kwake umefika, amesema hivyo wazi katika mstari wa 6. Majira ya baridi yanakuja, na katika mstari wa 21 anamhimiza Timotheo afike kabla ya hapo. Sasa angalia mstari wa 13. Anaagiza joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Kisha anaagiza vitabu. Kisha anaongeza kwamba vile vya ngozi ndivyo visikose kabisa.

Mambo mawili hapo yananigusa. La kwanza, mtu aliyekuwa amebakiza muda mfupi bado alitaka kusoma. Alikuwa amemwona Bwana kwenye njia ya Dameski, amenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, ameandika barua ambazo sisi tunaziita Maandiko. Bado akasema, nileteeni vitabu. La pili, hata yeye hakuagiza vyote kwa uzito mmoja. Timotheo alikuwa na safari ndefu na mabega mawili tu. Kama mzigo ungemshinda, alijua ni vipi asiviache nyuma.

"Lakini Pastor, Biblia si inatosha?"

Hili swali naliheshimu, na huwa linaulizwa na wazee wetu wa maombi. Jibu langu ni hili: Biblia haimo katika ile orodha ya 143. Haipangi foleni na vitabu vingine. Sisi watu wa huku tunajua mtu anaweza kukaribishwa kuku, samaki, mrenda na mboga za kila aina, na akirudi nyumbani aseme hajala, kwa sababu hakukuwa na obusuma. Neno la Mungu ndilo obusuma. Vitabu vingine ni mboga. Ukiona mboga zimejaa sahani na obusuma ni donge dogo pembeni, hapo kuna shida. Lakini hata mwenye kupenda obusuma hali obusuma mkavu miaka yote akasema ndiyo kiroho zaidi.

Wengi mnanikumbusha Smith Wigglesworth, yule fundi wa mabomba wa Bradford, Uingereza, aliyefundishwa kusoma na mke wake Polly akiwa mtu mzima, na anayejulikana kwa kusoma Biblia peke yake. Mungu alimtumia kwa nguvu, sina ubishi. Ila nauliza kwa upendo: wewe ulimjuaje Wigglesworth? Alilala katika Bwana mwaka 1947. Ulimjua kwa sababu mahubiri yake yalikusanywa yakawa kitabu, *Ever Increasing Faith*, mwaka 1924, na wengine wakaandika habari za maisha yake. John Wesley naye alijiita mtu wa kitabu kimoja, yaani Biblia, na mtu huyo huyo akawachapishia Wakristo maktaba ya juzuu 50 kati ya 1749 na 1755. Kwake, kuitanguliza Biblia hakukumfanya awanyime watu wake vitabu vingine.

Nani ameuliza?

Sasa nije kwa jinsi ninavyochagua. Swali langu la kwanza mbele ya daftari huwa hili: kati ya watu ambao Mungu amenipa, nani ameuliza kitu ambacho sijui kukijibu vizuri?

Mnakumbuka Aprili 2023, habari za msitu wa Shakahola, kule Kaunti ya Kilifi, zilipoanza kutoka. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa njaa. Nchi nzima ilishikwa na uchungu. Siku hizo mama mmoja alinijia baada ya ibada. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alikuwa anafuata mhubiri fulani kwenye simu, usiku kucha. Mhubiri huyo alikuwa ametaja mwezi ambao Bwana angerudi. Binti alikuwa katika siku ya tatu bila chakula wala maji. Mama aliniambia, "Pastor, nikimwambia ale ananiambia mimi ni wa dunia."

Jioni ile hatukuanza na vitabu. Nilienda na mshirika wetu ambaye ni muuguzi, tukaongea naye taratibu, akanywa maji, baadaye akanywa uji. Lakini alipokwisha kunywa aliniuliza: "Pastor, yule mtu anasoma Biblia kuliko nyinyi wote. Anaipenda. Atakosea vipi?"

Mezani kwangu kulikuwa tayari na kitabu kipya cha uongozi, cha mwandishi Mmarekani ambaye wachungaji wengi walikuwa wanamsoma wakati huo. Nilikifunga, nikachukua kitabu cha historia ya kanisa kilichokuwa mbali sana kwenye orodha. Kuna mtu alikuwa amenisubirisha kwa swali. Kitabu cha uongozi hakikuwa na mtu anayekisubiri.

Nikasoma habari za Montano wa Frigia, katika karne ya 2, pamoja na manabii wa kike Prisila na Maksimila, ambao wafuasi wao walitazamia Yerusalemu mpya ushuke katika mji wao mdogo wa Pepuza. Kisha nikasoma habari za William Miller, mkulima wa Marekani. Huyu hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mnyenyekevu na mwaminifu. Aliweka kando vitabu vya ufafanuzi, akabaki na Biblia yake na itifaki ya maneno ya Biblia, akaichambua mstari kwa mstari kwa miaka. Akapiga hesabu ya zile siku 2,300 za Danieli 8:14, akaona Bwana anarudi karibu mwaka 1843. Mwaka ukapita. Wafuasi wakatangaza tarehe mpya, 22 Oktoba 1844. Maelfu walisubiri. Kuna wakulima walioacha mazao shambani bila kuvuna. Usiku ukapita, asubuhi ikafika, watu wakalia.

Nilikaa na yule binti na mama yake Jumatano tatu, tukayapitia hayo pamoja na Mathayo 24:36, pale Yesu anaposema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Katika Jumatano ya pili binti akasema polepole, "Kwa hivyo mtu anaweza kuipenda Biblia kweli kweli, na bado akakosea kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia." Mimi sikuongeza neno. Alikuwa amefika mwenyewe.

Wapendwa, kile kitabu cha historia nilikuwa nimekiweka mbali kwa sababu ni kinene na hakina sifa mtandaoni. Lakini ndicho kilichokuwa na chakula cha mtu mmoja katika kanisa letu, wiki ile. Tangu hapo daftari langu lina safu mbili. Kushoto naandika jina la kitabu. Kulia naandika jina la mtu, au swali ambalo mtu ameuliza. Kitabu chenye jina la mtu upande wa kulia kinatangulia. Kisicho na mtu kinangoja.

Nawe pia una watu. Kama wewe ni mama, na kijana wako amenyamaza nyumbani, kitabu chako kinachofuata labda kimeshachaguliwa. Kama wewe ni mhasibu wa chama cha wamama na hesabu zinakuumiza kichwa, kitabu cha hesabu ni cha kiroho mwaka huu. Kama umefiwa, usijilazimishe kusoma kitabu cha mafanikio kwa sababu kundi zima la WhatsApp linakisoma. Soma kile kitakachokaa nawe chini.

Mwandishi aliishi vipi?

Swali la pili nalipata katika Waebrania 13:7, ambapo tunaambiwa tuwakumbuke waliotuongoza, tutazame mwisho wa mwenendo wao na kuiga imani yao. Vitabu viwili vikiwa sawa mbele yangu, nachukua kile ambacho mwandishi wake kilimgharimu kitu.

Chukua habari ya msamaha. Kuna vitabu vingi vya msamaha, na baadhi vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kukosewa zaidi ya kuchukuliwa nafasi ya kuegesha gari. Kisha kuna Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mke wake Mera ilibidi wakimbie, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake kinachoitwa *I Love Idi Amin*. Jina tu linakufanya ukae chini. Ni kitabu chembamba, na kimeandikwa na jirani yetu, si mtu wa mbali. Kama una mtu umeshindwa kumsamehe, kipe hicho nafasi kabla ya vile vinene.

Usisome vya leo tu

C. S. Lewis aliwahi kutoa shauri, katika dibaji ya mwaka 1944, kwamba ukimaliza kitabu kipya usianze kingine kipya kabla ya kusoma cha zamani katikati. Na kama hilo ni gumu, basi angalau kimoja cha zamani kwa kila vipya vitatu. Sababu yake ilikuwa kwamba kila kizazi kina makosa yake ambayo hakiyaoni, na vitabu vya kizazi hicho vinayo makosa hayo hayo.

Kitabu alichokuwa anakitambulisha kiliandikwa na Athanasio, askofu wa Aleksandria, Misri, katika karne ya 4, mtu aliyefukuzwa mjini mwake mara tano kwa sababu ya msimamo wake kwamba Yesu ni Mungu kweli. Mwafrika. Agostino pia, ambaye aliokoka kule Milano mwaka 386 baada ya kufungua barua ya Warumi na kusoma, alikuwa wa Afrika Kaskazini, nchi ambayo leo ni Algeria. Huku kwetu tunasimulia habari ya Injili kuanzia Marafiki walipofika Kaimosi mwaka 1902, na wamisionari wa Kipentekoste walipokuja Nyang'ori baadaye. Namshukuru Mungu kwa wote hao. Lakini Injili ilikuwa imekaa Afrika karne nyingi kabla ya Kaimosi, na kijana anayeambiwa chuoni kwamba Ukristo ni dini ya mzungu anahitaji kujua hivyo. Huyo naye ni jina upande wa kulia wa daftari.

Kurudia nako ni kuchagua

Jambo la nne. Orodha inayokua ina tabia ya kutudanganya kwamba kitabu kilichosomwa kimekwisha. Majirani zetu wa Maragoli walipata Agano Jipya katika Lulogooli mwaka 1925, kazi iliyofanywa na mmisionari Emory Rees pamoja na wenyeji. Biblia nzima walikuja kuipata mwaka 1951, na mzee Joel Litu ni mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuitafsiri. Hesabu mwenyewe: ni miaka 26. Kwa miaka yote hiyo mtu aliyejua lugha ya mama peke yake alikuwa na Agano Jipya, akilirudia, bila kuwa na Agano la Kale lote. Tumezika wazee ambao maktaba yao yote ilikuwa Biblia na kitabu cha nyimbo, na mlisikia walivyoomba.

Kwa hivyo kati ya nafasi zangu 15 za mwaka, tatu ni za vitabu nilivyokwisha kusoma. Hizo sizigusi.

Mambo madogo ya nyumbani

Kwanza, hizi PDF zinazozunguka kwenye makundi. Kama mwandishi mwenyewe ameitoa bure, soma kwa furaha. Kama ni kitabu kinachouzwa na mtu amekipiga picha kurasa zote, hiyo ni mali ya mtu. Hatuwezi kusoma juu ya utakatifu kutoka kitabu cha wizi.

Pili, najua vitabu ni ghali na karo haingoji. Si lazima ununue. Maktaba ya taifa iko hapa hapa Kakamega mjini. Kuna wauzaji wa vitabu vilivyotumika, vile watu wa Nairobi huita vya "inama" kwa sababu ni lazima uiname ili uone vilivyopangwa chini. Na rafu ya kanisa iko wazi baada ya ibada. Andika jina lako, chukua kimoja, rudisha.

Tatu, kama macho ya mzee au mama nyumbani yamechoka, msomeeni kwa sauti. Katika Matendo 8 Filipo alijua yule towashi anasoma nini kwa sababu alimsikia. Mtoto wa darasa la sita akimsomea nyanya yake kurasa mbili kila jioni, wote wawili wamesoma kitabu.

Nne, una ruhusa ya kuacha kitabu katikati. Ukifika kurasa 50 na hakikujengi, kifunge kwa amani.

Na tano, usihesabu kwa kulinganisha na Pastor. Kusoma ni sehemu ya kazi yangu. Ndugu yangu wa bodaboda anayefunga kazi saa nne usiku, kitabu kimoja kwa mwaka kilichosomwa ukimngoja abiria pale steji ni kingi. Kwa miaka 20 umesoma vitabu 20. Vichague vizuri. Wahenga walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Kazi ya wiki hii

Chukua karatasi. Andika vitabu vyote ulivyoahidi kusoma, hata vile vilivyo kwenye simu. Chora mstari katikati. Upande wa kulia andika jina la mtu au swali linalokukosesha usingizi. Omba. Kisha chagua kimoja tu, na vile vingine uvikabidhi kwa Bwana bila kujihukumu. Hakuna atakayeulizwa siku ile kwa nini hakumaliza orodha. Tutaulizwa habari ya watu tuliopewa.

Tuombe. Baba, asante kwa Neno lako, na asante kwa watumishi wako walioketi wakaandika. Siku zetu ni chache na wewe unazijua. Tuongoze kwa kitabu kinachofuata kama unavyotuongoza kwa mtu tutakayekutana naye njiani. Mlinde kila kijana anayesikiliza sauti nyingi usiku huu, umpe mtu wa kumuuliza maswali. Katika jina la Yesu, amina.

Andika hapa chini kitabu kimoja ulichochagua, na kwa ajili ya nani. Kimoja tu, tafadhali. Daftari langu mmeshalisikia lilivyo.

Mbarikiwe sana. Tuonane Jumapili.

Mchungaji wenu